Pijo ya Nati Tatu

Nilizaliwa nyuma ya pijo. Najua mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, angepaswa kuanza na jambo zito zaidi, lakini hili ndilo nililolikana kwa muda mrefu kuliko yote. Sekondari nilikana. Chuo kikuu nilikana kwa Kiingereza. Nilipoolewa nilikana mbele ya mawifi, na wao walikuwa wameshaambiwa kabla sijafungua mdomo. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema hospitali, Mpanda, nami nilikishika cheti hicho kama ngao. Sasa nimechoka. Ukweli ni kwamba nilifika hospitali nikiwa nimeshafutwa, nimeviringishwa kwenye kitenge na kung'atwa na mbung'o, kwa sababu nilizaliwa katikati ya hifadhi, kwenye bodi ya gari lililokuwa limepata pancha.

Aliyenipokea tulimwita Metroni. Watoto walimwita hivyo, paroko alimwita hivyo, hata mumewe alipokuwa hai alisimama mlangoni akaita, "Metroni, chakula kinapoa." Alikuwa mkunga mkuu wa kituo cha afya cha misheni huko kwetu Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa pia dereva wa wagonjwa na, ilipobidi, hakimu wa ndoa za watu. Pijo ile, pikapu yenye uso mrefu na gia ya kwenye usukani, ilikuwa ya misheni kabla haijawa yake. Misheni walipopata gari jipya walimpa la zamani badala ya shukrani, na yeye akalipokea kama shukrani.

Kuhusu kuzaliwa kwangu, mama alikuwa na maelezo mafupi: "Ulizaliwa hospitali, achana na maneno ya watu." Ya Metroni yalikuwa marefu na kila mwaka yaliongezeka. Tairi la nyuma lilipasuka, akashuka, akapiga jeki, akafungua nati. Pijo za zamani zile, gurudumu lake hushikwa na nati tatu tu. Akaziweka kwenye sinia la vifaa vya uzazi, pembeni ya mkasi, na hapo ndipo mama alipopiga ukelele. Metroni akaliacha gurudumu, akanipokea, akanifunga, akarudi kwenye gurudumu. Nati zilikuwa mbili. Alitafuta kwenye majani mpaka mbung'o wakamshinda, kisha akaendesha hadi Mpanda kwa nati mbili, mwendo wa jongoo, huku mama analia na mimi nalia.

Tangu hapo hakuwahi kunisalimu kama anavyosalimiwa mtu. "Nati yangu iko wapi?" Aliniuliza hivyo sokoni, alinikuta nje ya kanisa akauliza, na siku ya harusi yangu alipewa kipaza sauti, akauliza tena. Ukumbi mzima ulicheka. Bwana harusi alinigeukia. Nikamwambia huyu mama ni mzee, anachanganya watu.

Alikuwa na sheria za nani apande gari lake. Mjamzito alipanda mbele, hata kama mimba ilikuwa changa kiasi kwamba Metroni peke yake ndiye aliyeijua. Mgonjwa alilala nyuma kwenye godoro. Mwanaume mwenye afya hakupanda. "Una miguu," alimwambia, akaondoa gari. Mbuzi walipanda. Mbuzi, alisema, hawadanganyi wanakokwenda.

Mikono yake ilikuwa laini na mdomo wake ulikuwa mashine ya kukoboa mpunga. Wanawake aliowazalisha wanaweza kukuigizia mpaka leo: "Ulipokuwa unaitafuta hukulia, sasa unalia nini?" Na mwanamke huyohuyo aliyefokewa atakwambia kwamba Metroni alimshika mkono tangu uchungu ulipokolea mpaka mtoto akatoka, hakuuachia hata kufuta jasho lake mwenyewe. Mama yangu hakuyasamehe yale maneno wala hakuusahau ule mkono. Kila Krismasi alimpelekea Metroni kuku, na kila Krismasi alimpelekea kwa mtu mwingine, asije akalazimika kumwamkia.

Rozari yake ilining'inia kwenye kioo cha ndani cha gari. Aliisali akiendesha, kwa sauti, na bodaboda akimkatisha mbele, sala haikusimama, ilibadilika tu njia: "Salamu Maria, umejaa neema, we ng'ombe umetoka wapi!" Kisha akaendelea pale alipoishia.

Alipostaafu alijenga Mpanda mjini, mtaa mmoja na mimi, na tukawa majirani kwa miaka mingi kuliko nilivyopanga. Watu wanaomwona mzee mwenye gari la zamani hudhani anapenda vya zamani. Metroni alivichukia. Vyungu vya mama yake aliwagawia watu, akanunua ndoo za plastiki. Kiti cha mninga kilichochongwa misheni alikitupa nje, nikakiokota, nikakipaka vanishi, nikakiweka sebuleni kwangu na kukiandikia makala. Alipokuja kunitembelea alikataa kukikalia.

"Kiti hicho kina kunguni wa tangu uhuru," alisema. "Nyie mliosoma mnapenda vya zamani kwa sababu hamkuvitumia. Mimi nimevitumia. Vinaumiza makalio."

Pijo yenyewe hakuwahi kuiita ya zamani. Aliiita gari. Aliwahi kuuvalisha usukani wake kava la manyoya ya bluu, akaiwekea maua ya plastiki kwenye dashibodi, na honi ya basi ambayo iliwahi kumwangusha mwenye mkokoteni wa mahindi. Mimi niliteseka kimyakimya, kama anavyoteseka mtu aliyesoma historia.

Kitu kimoja hakukigeuza. Kila mwaka kabla ya mvua aliendesha mwenyewe mpaka Kapalamsenga, kando ya ziwa, kwa wifi yake aliyekuwa mjane kama yeye. Walikula migebuka, samaki wa huko, wakagombana wiki nzima juu ya marehemu aliyekuwa mume wa mmoja na kaka wa mwingine, kisha Metroni akarudi na magunia ya dagaa yaliyonukisha mtaa wetu mpaka Pasaka. Watoto wake, walioko Mwanza na Dodoma, walimwomba apande basi. Mkubwa alinipigia hata mimi. Nilipofikisha ujumbe, Metroni alinitazama kama alivyowatazama wanaume wenye afya.

"Mimi nimebeba watu," alisema. "Sifiki kwa watu kama gunia."

Kwa hiyo matairi yalipoisha, tulijua kilichokuwa kinaisha. Tairi la pijo ile ni jembamba na limesimama juu, saizi ambayo maduka ya Mpanda yaliacha kuleta zamani. Ya mwisho yalizibwa mpaka yakawa viraka vinavyoshikana mikono. Siku moja Fundi, mwenye gereji karibu na stesheni ya reli, alikataa kuziba tena, akalipandisha gari juu ya mawe nyumbani kwa mwenyewe. Kuku wakaanza kutaga chini yake. Mwana mkubwa akapiga simu kutoka Mwanza, sauti imejaa huruma ya mtu aliyeshinda: gari limekufa lenyewe, liuzwe chuma chakavu, mama apumzike.

Metroni alivuka barabara akaja kwangu. Hakuulizia nati.

"Nitafutie magurudumu," alisema. "Mvua haiko mbali."

Nililichukua jukumu hilo kwa uzito wa kipuuzi. Niliamua kwamba pijo itapata matairi ya asili au haitapata kitu. Niliandikia watu wa Dar es Salaam, niliingia kwenye makundi ya mtandaoni ya wapenzi wa magari ya kale, nikatuma picha za ubavu wa tairi kwa wageni wa nchi nisizozijua. Mmoja alijibu kwa kunitumia picha ya pijo yake na neno moja: "Pole." Mawingu yalianza kukusanyika upande wa ziwa. Wakati mimi nasubiri majibu, Metroni alikwenda gereji kwa miguu, akaona gari la kijana mmoja limeegeshwa pale, akanyoosha kidole.

"Hizo."

Zilikuwa rimu za spoti, nyeusi, pana, zenye mstari mwekundu kuzunguka ukingo, na matairi yake yalikuwa mapana na mafupi kama chapati zilizopangwa. Fundi alimweleza kwamba rimu zile zina nati tano na pijo ina tatu. Metroni akamwambia hiyo ni kazi ya mafundi, si ya wakunga. Fundi akaenda kwa mkereza vyuma, akarudi na visahani vya chuma: upande mmoja matundu matatu ya kushika pijo, upande wa pili bolti tano za kushika rimu. Alinionyesha kwa fahari, na kwa kweli ilikuwa kazi nzuri. Nilimfuata Metroni mpaka uani kwake kumzuia.

"Metroni, gari lile ni urithi."

"Urithi wa nani? Mimi nimekufa lini?"

Siku ya kufunga, mtaa ulitoka nje. Pijo iliposhushwa kwenye mawe ilionekana kama katekista aliyevaa raba nyekundu. Metroni aliizunguka mara mbili, anacheka kwa mkono mdomoni, na nikiri kwamba sijawahi kumwona mzuri vile. Rimu za zamani zilishaondoka: Fundi aliwapa watu, na mbili alizichukua Msukuma mmoja wa Kabungu kwa ajili ya mkokoteni wake. Huku kwetu gari halifi, linahamia kwa ng'ombe. Matairi yenye viraka yalikatwa viatu vya katambuga, na huenda mpaka leo kuna mchungaji anatembea juu ya pancha yangu.

Alipanda, akawasha, akaenda. Moja kwa moja alikwenda vizuri. Tulipiga makofi. Alipofika kwenye kona ya duka la nafaka gari lilisita, likasogea kidogo, likasimama, likarudi nyuma, likasogea tena. Alichukua muda mrefu kwenye kona ile kuliko nilivyochukua mimi kuzaliwa. Aliporudi nilimuuliza vipi.

"Barabara mbaya," alisema. Ilikuwa lami, na ilikuwa mpya.

Hapo sote tulikuwa tumekosea, kila mtu kwa taaluma yake. Mimi nilikuwa nimefikiria sura ya gari. Fundi alikuwa amefikiria nati. Hakuna aliyefikiria mabega ya mama wa miaka themanini. Tairi pana likishika barabara halitaki kugeuka, na gari la enzi zile halina mtambo wa kumsaidia dereva. Lina dereva tu.

Metroni hakulalamika. Nilianza kumwona anachagua safari zilizonyooka. Alikwenda kanisani, akaegesha mahali barabara inapoanza kupinda, akamalizia kwa miguu na mwavuli. Sokoni alikwenda asubuhi sana, kabla watu hawajajaza pembe za njia. Mtu aliyekuwa anapita hifadhini peke yake na mwanamke anayejifungua nyuma, sasa alikuwa anaipima Mpanda kwa kona zake.

Jumapili moja nilimkuta amekwama katikati ya kona ya soko. Bodaboda na bajaji zimejipanga nyuma yake, honi juu ya honi.

"Bibi, sukuma usukani!"

"Kamsukume mama yako!"

"Bibi, gari la kisasa, dereva wa kizamani!"

"Mimi ndiye niliyekupokea! Ulitoka matako mbele, na hujageuka mpaka leo!"

Walicheka wote, na yule aliyetukanwa akacheka kuliko wote, lakini gari halikutoka. Niliegesha langu, dogo, la otomatiki, nikaenda kusimama dirishani kwake. Alikuwa ameibana mikono kwenye mapaja, ameifunika kwa kitenge.

"Usukani ni mzito," nilisema.

"Nani kasema?"

"Matairi mapana. Ndiyo yenye kosa, si wewe."

"Na shahada ya matairi unayo?"

Honi ziliendelea nyuma yetu. Akatazama mbele, kwenye rozari, akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Siwezi kupinda kulia."

Fundi alipoambiwa alijishika kichwa. Dawa ilikuwa rahisi: kurudisha rimu za zamani, walau mbili za mbele, zile zinazogeuka. Na matairi membamba ya kuziingia? Yapo, akasema, ya magari madogo ya mizigo, si ya asili lakini yanaingia, siku zote yalikuwepo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuna aliyemuuliza: mimi nilikuwa nataka ya asili, bi mkubwa alikuwa anataka ya kung'aa.

Tulikwenda Kabungu, mimi na Fundi, na rimu mbili za spoti na visahani vyake kwenye kiti cha nyuma. Mwenye mkokoteni alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya sufu katika jua lile. Alitusikiliza mpaka mwisho, akageukia mkokoteni wake, uliotengenezwa kwa ekseli ya pijo nyingine iliyokufa zamani.

"Yaani gari limekuja kuomba miguu yake," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "nitavuna kwa mguu upi?"

Tukamwonyesha za spoti. Alizipapasa, akabonyeza tairi kwa dole gumba, akauliza kama zinazama kwenye matope. Fundi akamwambia upana ule hauzami. Akauliza ubaya wake ni nini. Fundi akasema zinafanya usukani kuwa mzito.

Mzee alicheka mpaka akavua kofia. "Ng'ombe wangu hawana usukani!"

Tulifunga pale pale, na visahani vilikaa kwenye ekseli kama vilivyokaa kwa Metroni. Tulipoondoka mkokoteni ulikuwa unazunguka ua na mstari mwekundu ukimetameta, na wake zake wawili wamesimama kuutazama kama mgeni rasmi. Mzee alikuwa amenipa konzi ya nati za akiba. Nilizishika njia nzima. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, vumbi limeingia mpaka kwenye meno, na nilijiona shujaa.

Gari la Metroni sasa lilikuwa na rimu nyembamba mbele na za spoti nyuma. Mbele Mpimbwe, nyuma Dar es Salaam. Sikusema neno urithi. Alizunguka mtaa, akapinda kulia kwenye duka la nafaka bila kusimama, akapinda kulia tena, akarudi. Alizima injini. Nikampa nati moja, niliyokuwa nimeifuta kwa mafuta ya taa mpaka inang'aa.

Aliigeuzageuza mwangani.

"Siyo hii," akasema. "Ile ilikuwa na kutu kidogo."

Lakini aliitia kifuani, kwenye sidiria, mahali anapoweka simu. Hakushuka. Alikaa na mikono miwili juu ya manyoya ya bluu, gari limezimwa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimuuliza kama usukani uko vizuri. Akasema uko vizuri. Nikaenda nyumbani kuandika makala kuhusu nilivyoliokoa gari.

Mawingu yalikuwa yameshafika juu ya stesheni aliponipigia. Hakuwa mtu wa salamu kwenye simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Shikamoo, Metroni."

"Marahaba. Usukani ni mwepesi."

"Nilikwambia mimi, yale matairi..."

"Nyamaza. Ni mwepesi kama sinia. Nimekwenda nao mpaka sokoni na kurudi." Nilimsikia anahamisha simu sikio jingine. "Mkono ndio haurudi."

"Unauma?"

"Sijasema unauma. Nasema haurudi. Nikiupeleka kulia unabaki hukohuko, mpaka niufuate na huu mwingine. Nilidhani ni yale matairi. Na wewe ukadhani."

Nikasema yote yanayosemwa na watu waliosoma: daktari, picha ya bega, mazoezi, mafuta ya kuchua, dada mmoja namfahamu hospitali. Aliniacha nikamaliza. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniacha nimalize, na hilo ndilo lililonitisha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kesho uje mapema. Tunakwenda Kapalamsenga. Utaendesha wewe."

"Mimi nimezoea otomatiki. Gia ya kwenye usukani siijui."

"Nitakaa pembeni yako. Nikisema kanyaga, unakanyaga. Nikisema legeza, unalegeza. Nikisema pumzika, unapumzika. Mama yako nilimwambia hivyohivyo kwenye gari hilihili, na alikuwa mbishi kukuzidi."

Nikasema sawa. Hakukata. Nilisikia kuku wake, na kwa mbali matone ya kwanza juu ya bati, lake au langu.

"Wifi akiuliza," akasema, "utasema wewe ndiye uliyeniomba uendeshe."

"Nitasema."

"Sema sasa, nikusikie."

"Metroni, naomba niendeshe mimi."

Aliguna, kama mtu anayepima ombi lililomjia ghafla.

"Haya," akasema. "Kwa vile umeomba mwenyewe." Akakata simu.